Mashine ya Watu Wawili

Pale karakana walikuwa na utani wao kwamba Kufuli na mkewe wameolewa wote wawili na mashine moja, na kwamba wao kwa wao ni majirani tu wanaosalimiana. Ulikuwa utani, lakini ukweli haukuwa mbali. Kufuli alifanya kazi zamu ya asubuhi. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Mapacha, alifanya zamu ya mchana mpaka jioni. Na mashine yao ilikuwa hiyo hiyo moja, mashine ya kompyuta ya kukereza vyuma, kubwa kama kibanda cha mlinzi, ina mlango wa kusukuma pembeni wenye kioo, na skrini inayoning'inia kwenye mkono wake wa chuma. Mume akitoka, mke anaingia. Nyumbani mmoja akirudi mwingine kashaondoka, na usiku kila mtu analala kama gogo. Kwa hiyo maongezi yao ya ndoa, yale ya kuangaliana usoni, waliyafanyia pale pale mbele ya mashine, kwenye zile dakika chache za kupokezana zamu.

Na kwa sababu dakika zenyewe zilikuwa chache, walijiwekea sharti. Wenzao wakipokezana zamu huambiana habari za kazi. Kisu kile kimechakaa. Maji ya kupoozea yamepungua. Kipimo kinazidi unywele, kiangalie. Kufuli na mkewe hawakuambiana hata moja ya hayo. Mama Mapacha ndiye aliyeanza.

"Baba, hizi dakika ni zangu," alimwambia siku moja. "Ukizimaliza kwa habari za visu, nitakueleza saa ngapi kwamba mtoto ana homa? Mashine ina skrini yake. Itanieleza yenyewe."

Kufuli akacheka, akakubali. Na kusema kweli lilikuwa jambo la kujivunia. Watu wengine hukaguana kazi kwa sababu hawaaminiani. Wao wawili waliaminiana mpaka ikawa aibu kuulizana.

Sasa, jina la Kufuli hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa mlango wa mashine hiyo hiyo.

Mlango ule ulikuwa na swichi. Kwenye ukingo wa mlango, juu kabisa, kulikuwa na kipande cha sumaku, na kwenye mwili wa mashine kulikuwa na kijidude cheusi ambacho mafundi walikiita jicho. Mlango ukifungwa, sumaku inakaa karibu na jicho, mashine inajua mtu yuko nje, inafanya kazi. Mlango ukifunguliwa, jicho haliioni sumaku, na mashine haisogei, ubonyeze utakavyobonyeza. Ndivyo ilivyotengenezwa. Lakini karakana ile hakuna aliyefanya kazi hivyo. Kila mwendeshaji alikuwa na sumaku yake ndogo mfukoni, aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Unaibandika mbele ya jicho kwa mkanda, na kuanzia hapo mashine inaamini mlango umefungwa hata ukiwa wazi kama mdomo wa mwenye usingizi. Kazi inakwenda haraka. Unaona kisu kinavyokata, unapuliza nyuzi za chuma kwa bomba la upepo, unageuka, unaendelea.

Mama Mapacha alipoajiriwa na kuwekwa kwenye mashine ile, Kufuli alikwenda kwa msimamizi akamwambia anataka swichi ifanye kazi kama ilivyotengenezwa.

"Wewe mwenyewe una sumaku mfukoni," msimamizi akamwambia.

"Mimi vyuma hivi vimenizoea. Mke wangu ndiyo kwanza anajifunza."

"Bwana, tunatengeneza shafti hapa, hatufungui na kufunga milango kama mabawabu wa hoteli."

"Basi mimi sitoki. Zamu yangu ikiisha nitasimama nyuma yake mpaka jioni."

"Simama."

Kufuli akasimama. Aliposema hivyo watu walidhani ni maneno ya hasira, lakini siku ile alisimama, na ya pili yake akasimama, mikono nyuma kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mama Mapacha alikuwa anaona haya mpaka masikio yanamwasha. Mwenye mashine ya jirani, mtu mmoja mcheshi waliyemwita Ndevu, alikuwa akipiga kelele, "Jamani, huyu si mume, huyu ni kufuli! Mama, hilo kufuli lako ufunguo umeuficha wapi?" Karakana nzima inacheka. Mwisho tajiri mwenye karakana akapita na wageni wake, akauliza kwa nini mashine moja ina watu wawili. Kesho yake fundi umeme akaja, akang'oa sumaku ya bandia, akasafisha jicho, akaondoka. Sumaku yake Kufuli aliitupa kwenye pipa la vyuma chakavu mbele ya watu wote.

Jina likabaki. Akiingia asubuhi, Ndevu anaita, "Kufuli kaja, fungeni milango!" Naye hakuchukia. Ukiwa na jina kama hilo, umelipata kwa jambo jema, unalivaa kama koti.

Alimfundisha mkewe kazi yote. Mwanzoni Mama Mapacha alikuwa mwoga sana. Alikuwa akitaka kusafisha anabonyeza kitufe chekundu, anangoja, anachungulia kwenye kioo, anangoja tena, ndipo anafungua mlango, na mkono unakwenda polepole kama wa mtu anayemgusa mbwa asiyemjua. Shafti zile zilikuwa zinatoa nyuzi ndefu za chuma, zinajizungusha kama kiota, na lazima uzitoe katikati ya kazi, la sivyo zinakwaruza. Kufuli akaandika kituo kwenye programu. Chuma kikifika nusu, mashine inasimama yenyewe kwa sekunde kadhaa, mataya yanayoshika chuma yanatulia, visu vinarudi nyuma.

"Hapo ndipo unafungua," alimwambia. "Ukishafungua, basi. Haiwezi kuendelea mpaka ufunge mlango na ubonyeze kijani. Hata ukienda kunywa maji ukarudi, itakungoja."

"Una hakika?"

"Mama, mlango ukiwa wazi, hii ni kabati tu. Ingiza mkono."

Akauingiza. Wakangoja wote wawili, na mashine haikusogea. Mama Mapacha akacheka kwa sauti, kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kiganja.

Tangu hapo uoga ukamtoka. Akawa mwepesi kuliko yeye mwalimu. Kituo kikifika tu, mlango huo, mkono huo, kiota cha nyuzi nje, mlango, kijani, amemaliza. Kitufe chekundu alisahau hata kama kipo. Hakuwa na haja nacho, maana alikuwa na mlango.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Kulikuwa na shafti za pampu za maji zilizokuwa zinasubiriwa, na tangu asubuhi zilikuwa zinatoka mbaya. Kisu kilikuwa kinalia. Uso wa chuma unatoka na mawimbi, ukiupitisha ukucha unauhisi. Msimamizi kila akipita anachukua moja, anaipapasa, anairudisha bila kusema kitu, na kule kutosema kukawa kunamuuma Kufuli kuliko matusi. Akabadilisha kisu. Akapunguza mwendo. Bado kinalia. Nyuma ya kioo kilichojaa maji meupe hakuona chochote. Alichotaka ni kuweka sikio ndani, asikie kinalia kikiwa wapi, mwanzo wa chuma au mwisho.

Akamwendea Ndevu.

"Niazime sumaku yako."

Ndevu akaacha kazi, akamtazama, akashika kiuno. "Jamani! Sikilizeni! Leo Kufuli anaomba ufunguo!" Kelele za mashine zikammeza, hakuna aliyegeuka.

"Punguza sauti, bwana. Ni kidogo tu, nasikiliza kisu."

"Chukua, chukua. Ila uirudishe, mimi sina redio nyingine ya kuua."

Kufuli akaibandika juu, mbele ya jicho, kwa mkanda wa bluu wa fundi umeme. Akaikunja ncha ya mkanda kama sikio, iwe rahisi kuibandua baadaye. Ndivyo alivyobandika kila kitu maishani mwake, mfuko wa unga, kitabu cha mtoto, waya wa pasi, kila kitu nyumbani kwake kilikuwa na sikio. Akafungua mlango kiasi cha kichwa, akasikiliza. Hakukawia kugundua. Kishikio cha kisu kilikuwa kimelegea, parafujo moja ilikuwa imekufa. Akaibadilisha, akakaza, akakata shafti moja na mlango wazi, ikatoka laini kama kioo. Akafurahi mno. Akafunga mlango, akakata nyingine, na nyingine, anazipanga kwenye toroli, msimamizi akapita akapapasa moja akatikisa kichwa kukubali. Ile furaha ya kushinda ikamjaa kichwani, na nafasi ya kitu kingine haikubaki. Sumaku ilikuwa juu, pembeni, ndani ya kivuli cha ukingo. Mlango ulifungwa vizuri tu juu yake.

Mama Mapacha alifika ameshavaa koti la kazi na glavu zake za kitambaa.

"Dada yangu anakuja kesho," alisema hata kabla ya salamu. "Atalala na watoto. Usianze."

"Nimesema nini mimi?"

"Uso wako umesema. Na huyu Kulwa jino linatikisika, hataki liguswe, anakula upande mmoja kama mbuzi. Mwambie wewe, mimi ananiona adui."

"Nitalifunga uzi, nifunge na mlango."

"Thubutu! Wewe na milango yako." Akampiga kibao cha bega. "Chakula nimefunika. Usile umesimama, kaa kwenye kiti kama watu."

"Haya, mama."

"Nenda basi, unanuka mafuta."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yote. Kufuli akaenda nje, kwenye bomba la kunawia, akachota sabuni ya unga, akaanza kusugua mikono. Alikuwa anapiga mluzi. Kwenye kucha ya gumba kulikuwa na kitu kimeganda, akakikwangua, hakikutoka. Akakitazama. Kilikuwa kipande kidogo cha mkanda wa bluu.

Miguu ilitangulia kabla akili haijafika. Alikimbia na mikono yenye povu, akamgonga mtu mlangoni, akapita katikati ya matoroli. Hakusikia kilio. Alisikia mlio wa mashine yake, alioujua kama sauti ya mtoto wake, ukibadilika, ukawa mzito, kama mtu anayeongea huku anatafuna. Kisha ukakatika. Ndevu alikuwa amewahi kitufe chekundu.

Mambo yalikwenda hivi. Kituo kilifika, mashine ikasimama, Mama Mapacha akafungua mlango na kuingiza mkono kwenye kiota cha nyuzi, kama alivyofanya kila siku. Mashine haikumngoja. Sekunde zilipokwisha ilianza tena kuzunguka, maana yenyewe iliona mlango umefungwa. Nyuzi zikashika glavu, glavu ikashika vidole.

Alikuwa amepiga magoti. Mkono wa kulia ulikuwa ndani mpaka kiwiko, na kichwa kimelala nyuma, uso umetazama juu, kwenye ukingo wa mlango. Hakumtazama mumewe hata alipomshika mabega. Alitazama juu tu wakati wote fundi mitambo alipokuwa anayarudisha mataya nyuma kwa mkono, polepole, huku watu wazima wamefumba macho.

Ndevu alinyoosha mkono kuelekea kwenye jicho la swichi.

"Usiguse!" msimamizi akapiga kelele. "Mtu asiguse kitu!"

Walipokuwa wanamtoa nje kwenye ubao, Ndevu alimsogelea Kufuli, akaongea bila kufungua meno. "Mimi sikukupa kitu. Umenisikia? Nina watoto." Na uso wake wa ucheshi ulikuwa wa kijivu kama majivu.

Hospitalini walimkata vidole. Kilibaki kidole cha mwisho na kipande cha gumba, na daktari alisema hata hicho cha mwisho hakitakunjika tena. Kufuli alikaa kwenye benchi la ukumbini na nguo zile zile. Povu la sabuni lilikuwa limemkaukia kwenye mikono, ngozi inamvuta. Dada mkubwa wa mkewe, ambaye alikuwa aje kama mgeni, alikuja kama muuguzi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye huruma na mdomo mkali.

"Shemeji, wanasema kuna mtu aliweka kitu kwenye mlango."

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe ulihangaika na mlango ule mpaka wakakupa jina! Halafu mtu mwingine anakuja anaweka takataka yake!" Akanyanyua viganja juu. "Aliyefanya hivi, Mungu amkaushe mikono. Asishike kijiko. Asimshike mtoto."

"Amina," akasema Kufuli.

Lilimtoka tu, kama mtu anavyoitika chafya. Shemeji yake akampapasa mgongo, akamwambia jikaze, mwanamume.

Msimamizi alikuja jioni, ameshika kofia yake. Alimpeleka Kufuli kwenye kona, karibu na ndoo za usafi. Alimwambia mkaguzi wa serikali anakuja kesho, ataanzia karakana kisha atakuja hapa kitandani. Akasema sumaku imeonekana, kwa hiyo kuna aliyeiweka. Akasema kama mtu ameiweka kwa makusudi na mwingine akaumia, huyo aliyeiweka hatafukuzwa tu, atapelekwa mbele ya sheria.

"Mashine ilikuwa mikononi mwa mkeo," alisema. "Mimi sisemi kitu. Nakuambia tu ilikuwa mikononi mwa nani."

Kufuli hakulala. Asubuhi alikuwa amepiga moyo konde. Angesema. Angemwambia mkewe kwanza, halafu mkaguzi, halafu wamfanye watakavyo. Shemeji alipotoka kwenda kutafuta chai, akavuta kiti karibu na kitanda. Mama Mapacha alikuwa macho. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji nyingi, umening'inizwa, mkubwa na mweupe kama wa mtu mwingine.

"Mama," akaanza. "Kuna jambo."

"Ncha ilikuwa imekunjwa," alisema mkewe.

Kufuli akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Ncha ya mkanda. Nilikuwa nimeshikwa pale, nikatazama juu ili nisitazame mkono, nikaiona. Ina sikio." Sauti yake ilikuwa kavu, midomo imepasuka. "Kwanza nilifurahi kuiona. Unaweza kuamini? Nilisema moyoni, kumbe baba yuko hapa."

Kufuli akainamisha kichwa kwenye ukingo wa godoro, akaanza kulia kwa mabega, bila sauti.

"Acha. Dada atarudi sasa hivi. Sikiliza."

"Nitamwambia mkaguzi. Leo hii. Nitasema yote."

"Hutamwambia kitu."

"Mama—"

"Nyumbani tumebaki na mikono mitatu," akasema. "Nikuache na hiyo miwili uende nayo jela? Watoto niwalishe na nini, na hiki?" Akatikisa ule mzigo wa bandeji, uso ukamkunjamana kwa maumivu. "Nitasema niliweka mwenyewe. Watasema ni uzembe wangu, hawatanipa kitu, sawa. Lakini wewe utabaki kazini."

"Siwezi kukubali hivyo."

"Sijakuuliza kama unakubali." Ndipo akamtazama kwa mara ya kwanza tangu jana. "Na usidhani nakuokoa wewe. Kama ingekuwa ni mimi na wewe tu, ningemwambia nikiwa nimesimama."

Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye viatu vyenye vumbi. Alikaa kwa adabu na kumpa pole. Alimuuliza Mama Mapacha maswali polepole, naye akajibu. Ndiyo, sumaku aliiweka yeye. Alitaka kuwahi, shafti zilikuwa zinasubiriwa. Aliipata kwenye redio mbovu. Hapana, hakuna aliyemtuma. Dada yake aliyekuwa dirishani aligeuka, mdomo wazi.

"Wewe?" akasema. "Mtoto wa mama, wewe mwenyewe?"

"Mimi, dada."

Mkaguzi akasugua paji la uso. "Samahani, nauliza kwa ajili ya kuelewa. Iko juu sana pale. Uliibandika kwa mkono upi?"

"Ule ambao haupo."

Mkaguzi akatazama chini, akaona haya kwa swali lake. Kisha akamgeukia Kufuli.

"Wewe ndiye uliyemkabidhi mashine. Na nimeambiwa wewe ndiye uliyepigania swichi ile itengenezwe." Alisema hivyo kwa heshima. "Ulipotoka, swichi ilikuwa sawa?"

Kufuli aliwatazama wote. Msimamizi alikuwa anasoma ubao wa ukutani. Shemeji alikuwa amejishika kifua. Mkewe alikuwa amefumba macho, na Kufuli akajua kwamba hajalala, na kwamba hapo, kwenye pumzi hiyo moja, mlango ulikuwa bado wazi. Angeweza kusema. Lilikuwa neno dogo tu, na alilihisi likiwa tayari nyuma ya meno. Akawaza watoto. Akawaza jela. Halafu akawaza, na hili ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, jinsi watu karakana watakavyomtazama.

"Ilikuwa sawa," akasema.

Mama Mapacha hakufumbua macho. Aligeuza uso tu, ukaelekea ukutani.

Mkewe aliporudi nyumbani hakugomba. Kufuli aliyangoja matusi kama mgonjwa anavyongoja sindano, hayakuja. Mkewe aliongea naye vizuri, habari za maji, za chumvi, za mtoto aliyechana sare. Alijifunza kukata vitunguu kwa mkono wa kushoto, kitunguu akikibana kwa kile kidole kisichokunjika. Vifungo vya blauzi alifungiwa na watoto. Siku moja Kufuli alipowahi kumfunga kifungo kimoja cha shingoni, mkewe alisimama wima, hakupumua mpaka alipomaliza, kisha akaenda chumbani, akakifungua, akamwita Kulwa amfunge.

Shemeji naye alikuwa akija na vyakula, anamsema mdogo wake mbele ya mumewe. "Mwanamume kasimama kama nguzo kwa ajili yako, wote wanamcheka, halafu wewe unakwenda kuchezea kitu kile kile! Shemeji, una moyo. Mwingine angeshaondoka." Mama Mapacha alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

Karakana ilibadilika kwa muda. Fundi umeme alipita mashine zote. Sumaku zilikusanywa kwenye kopo. Kisha tajiri akamwita Kufuli ofisini, akampa mkono kwa mikono miwili. Akamwambia wanahitaji mtu wa usalama, mtu mwenye uchungu wa kweli, na ni nani zaidi yake? Hakuna kazi nzito. Ataacha kukereza nusu siku, atawafundisha waendeshaji. Jumatatu wataanza na mkutano wa wote, mkaguzi atakuwepo. Aeleze tu kilichotokea. "Watu wanasikia zaidi," tajiri alisema, "mtu akisema habari za nyumbani kwake."

Kufuli alijaribu kukataa. Alisema hajui kuongea mbele za watu. Msimamizi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akasema kwa upole kwamba kukataa kutashangaza sana. Mkaguzi atauliza kwa nini.

Jumapili alimwambia mkewe. Walikuwa sebuleni, taa imewashwa, watoto wamekwenda chumbani na nguo zao za shule. Alidhani mkewe atatupa kitu, na kwa kweli alitamani atupe.

Mama Mapacha aliweka chini kikombe.

"Utasema nini?"

"Sijui. Nitatafuta maneno."

"Utakwama. Ukikwama watakutazama usoni, na uso wako unasema kila kitu, siku zote." Akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono wa kushoto. "Simama pale. Sema."

"Mama, tafadhali."

"Simama."

Akasimama karibu na kabati la vyombo. Mikono hakujua aiweke wapi. Akasema kwamba mlango wa mashine una swichi, na swichi iko kwa ajili ya kulinda mtu. Akasema kwamba kuna waendeshaji wanaoidanganya.

"Usiseme waendeshaji. Watajua unakwepa. Sema mke wangu."

"Mke wangu," akasema Kufuli, sauti ikakatika.

"Tena."

"Mke wangu aliidanganya swichi."

"Kwa nini?"

"Kwa... kwa haraka zake."

"Hapo ongeza kwamba ulikuwa umemfundisha. Si ulinifundisha? Kila mtu anajua. Usipolisema litaonekana."

"Nilimfundisha. Nilimwambia mlango ukiwa wazi, haiwezi kusogea. Lakini mke wangu, kwa haraka zake, alibandika sumaku, akasahau kwamba ameibandika."

"Vizuri. Sasa bila kutazama chini."

Akarudia. Alirudia mpaka koo likamkauka, na kila mara mkewe alimsahihisha mahali, hapa anakimbia, hapa anameza mate, hapa anasema kama mtu anayeomba msamaha, naye haombi msamaha wa mtu, anafundisha. Hakupandisha sauti hata kidogo. Mwisho maneno yakamlainika mdomoni. Yalitoka yenyewe, yamenyooka, mtu angeweza kuyaamini.

Pazia la chumbani likasogea. Kulwa alikuwa amesimama pale na nguo ya kulalia, na mwenzake nyuma yake.

"Mama," akauliza, "kwa nini ulichezea mlango na baba alikukataza?"

Mama Mapacha alimtazama mtoto. Kisha akanyanyuka, akachukua kikombe chake kwa mkono wa kushoto.

"Muulize baba yako," akasema akielekea jikoni. "Yeye ndiye anayefundisha."

Watoto wakamgeukia. Kufuli akachuchumaa, ili macho yake yawe sawa na yao, akawashika kila mmoja bega. Akawaambia kwamba mlango wa mashine una swichi, na swichi iko kwa ajili ya kulinda mtu. Aliwaeleza yote mpaka mwisho. Hakutazama chini, na sauti yake haikukwama popote.